Selestina Yuko Juu ya Maji

...na tena siku ya kwanza usipande kula kule juu kwenye ukumbi mkubwa wa meli, mgeni wake alikuwa anasema, kila mtu anakimbilia kule na sahani mkononi utadhani njaa imetangazwa, wewe teremka kwenye mgahawa mdogo wa nyuma, hakuna foleni, na Wilibrodi akaitikia, ndiyo mama, huku macho yake yako mbele kwenye ukungu, maana pale wageni wanaposimamishwa kuitazama kreta asubuhi hii hapakuwa na kreta, palikuwa na weupe tu umejaa mpaka ukingoni, na ungemwambia mtu kwamba chini ya weupe ule kuna nyati na ziwa na barabara angekubali kwa heshima tu, tutasubiri kidogo mama, alikuwa amemwambia, ukungu ukipanda tutashuka, na mama yule, Birgit jina lake, mzee mwembamba mwenye kofia iliyofungwa kamba kidevuni, akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba hana haraka, meli zimemfundisha kusubiri, na hapo ndipo habari za meli zilipoanza. Amepanda meli za starehe mpaka ameacha kuhesabu, zile ndefu kama mtaa mzima uliotiwa majini, ghorofa juu ya ghorofa, na sasa anamfundisha Wilibrodi namna ya kusafiri nazo kana kwamba Wilibrodi kesho anafunga begi, chagua chumba cha katikati, cha chini, huko meli haiyumbi sana, fika mji wa bandari siku moja kabla, dawa zako usizitie kwenye sanduku kubwa, sanduku kubwa linachelewa kufika chumbani, tumbo likichafuka tafuna tangawizi, na jina la binti anayekutengenezea kitanda ulijue siku ya kwanza, uliseme vizuri, na jambo hili la mwisho lilimfikia Wilibrodi mahali pabaya, akageuza uso akajifanya anapangusa kioo cha pembeni, kioo hakikuwa na kitu, ni umande tu. Binti anayetengeneza kitanda. Selestina, mdogo wake, anayemfuata yeye kuzaliwa, yuko kwenye meli ya namna hiyo sasa hivi, bahari gani Wilibrodi hajui, anatandika vitanda vya watu na kukunja taulo ziwe tembo, yeye mwenyewe aliwatumia picha ya tembo wa taulo, na baba akacheka mpaka akakohoa, akasema, mtoto ametoka Karatu penye tembo wazima wanaokula mahindi yetu, akaenda mbali kote kule kutengeneza wa kitambaa... baba, Mzee Joseph, ambaye wamemzika kijijini kwao Qurus mwanzo wa mavuno ya maharage, na Selestina hajaambiwa.

Wili, sauti ikaita kutoka gari la pili, alikuwa Loserian, dereva mwenzake, mkono umening'inia dirishani na chai kwenye kifuniko cha chupa, huyo bibi kashakupa kazi huko majini? Kumbuka wewe hata bwawa la lodge linakutisha, na Wilibrodi akamjibu, nyamaza, ng'ombe wako wanaogelea? na Loserian akasema, ng'ombe wangu wana akili, wanakunywa wanaondoka, akacheka peke yake, halafu akaacha kucheka, maana Loserian alikuja msibani, alibeba jeneza upande wa kushoto, akasema kwa sauti ya chini, Selestina amepiga simu? Bado, Wilibrodi akasema, labda leo, akipata mtandao, na Loserian akatikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake. Labda leo. Na akipiga leo itasemwa nini, mara ya kwanza walisema baba yuko shambani, mara ya pili walisema amelala, dawa za presha zinamlaza, na huo nao haukuwa uongo mtupu, mama yao, Leonida, aliusema akitazama sakafu, amelala mwanangu, usimwamshe... Msiba hausemwi kwenye simu. Baba mdogo Felisiani ndiye aliyesema, chini ya turubai, siku ile ile ya kufiwa, viti vya parokia bado vinashushwa kwenye pikapu, na hakuna aliyebisha kwa sababu ni kweli, hausemwi, hawakuwahi kuusema hivyo, bibi alipofariki na baba yuko mbali kwenye mashamba ya ngano walitumwa watu wawili wakamfuata, wakafika, wakanywa chai, wakaulizia mvua, wakasifu ngano, halafu ndipo wakamwomba aketi, mmoja akakaa kulia kwake na mmoja kushoto, bega kwa bega, ili akianguka asiangukie ardhi, aangukie watu, baba alipenda kuisimulia hiyo, alisema nilijua walipoisifu ngano, ngano yenyewe ilikuwa na ugonjwa wa kutu. Sasa nani atakaa kulia kwa Selestina, aliuliza baba mdogo, na nani kushoto? Mtoto yuko juu ya maji. Utamwambia kwenye simu, simu inakatika, na yeye amesimama kwenye kijia chembamba na ndoo ya sabuni, hana hata mtu wa kabila lake, ataangukia wapi? Nyamazeni, mkataba unaisha karibu na Krismasi, Wilibrodi atamfuata uwanja wa ndege na gari, amlete, aketi, aambiwe kama mtu. Na Wilibrodi alikubali, aliinamisha kichwa, ndiyo baba mdogo, hakufikiria hata ile njia yenyewe, kutoka uwanja wa ndege, Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, kile kilima, mchana mzima na mdogo wake kiti cha mbele akiuliza hiki na kile, na yeye akiendesha na kaburi mdomoni.

...kwa hiyo nilipotoka kwenye lile duka la vyungu, mama Birgit alikuwa anasema, na Wilibrodi hakujua vyungu vimeingiaje, naiona meli yangu inaondoka, yote, na taa zake, na nguo zangu, meli haimsubiri mtu, hilo nalo ulijue, nikaketi kwenye sanduku la samaki nikalia kama mtoto, na Wilibrodi akasema pole sana mama, ikawaje, akisema kwa adabu ya kazi, wageni wengi kabla ya huyu wameongea meli ndani ya gari hili na siku zote amewasikia kama unavyosikia redio ya jirani. Ah, hakuna shida, akasema mama yule, macho yakimng'aa kwa raha ya kukumbuka, wakala wa bandari akanitia kwenye ndege, asubuhi nikaamkia bandari ya mbele, nikanywa kahawa, nikaitazama meli yangu inaingia, nimeitangulia! Bandari ya mbele, Wilibrodi akasema. Ndiyo, ya mbele. Meli inafika bandari kila baada ya muda gani, mama? Na mama Birgit akamtazama, pengine kwa sababu hilo lilikuwa swali lake la kwanza la kweli tangu waondoke Karatu, akasema, karibu kila siku, mpendwa wangu, ndiyo raha yenyewe, unalala mji huu unaamkia mji mwingine, siku za maji matupu ni chache, mbili, tatu, hawapendi kukaa huko, watu wanachoka. Karibu kila siku. Wilibrodi akashika ukingo wa mlango wa gari lake, chuma kilikuwa baridi na majimaji, akakishika tu. Walikuwa wameona nini wao, kule Qurus, chini ya turubai, waliposema juu ya maji, waliona maji, maji tu, meli imeingia ndani ya maji kama mtu anavyoingia jeshini na haitoki mpaka mkataba uishe, kwa sababu picha zote alizotuma Selestina zilikuwa maji, bluu na bluu na ukingo wa chuma, na nani alimuuliza? Hakuna aliyemuuliza, labda hana nafasi ya kushuka, labda mji ukifika yeye yuko ndani anabadilisha mashuka, mji kwake ni kelele tu nje ya ukuta... na wafanyakazi, mama, akasikia sauti yake inauliza, kavu, wao wanaweza kushuka, mtu akipata, akipata shida nyumbani?

Mama Birgit akafungua kamba ya kofia, akaifunga tena. Alikuwepo kijana aliyekuwa akituhudumia mezani, akasema, mwaka ule nilikuwa bado na mume wangu Henrik, mama yake akafariki kwao, wakamwambia asubuhi, jioni tukafika bandari akashuka na begi lake, wakampeleka kwenye ndege, na sisi tuliokuwa ngazini tukampigia makofi, fikiria, makofi, watu hawajui la kufanya, mimi pia nilipiga, mpaka leo naona aibu, na Wilibrodi akasema, hapana mama, na alimaanisha, maana nani ajuaye la kufanya, mmoja anapiga makofi, mwingine anasema amelala, mwanangu, usimwamshe. Alizika? Akauliza. Alizika, akasema mama Birgit, aliniandikia, walimsubiri. Walimsubiri. Na wao walimsubiri shangazi, shangazi anayefundisha Soitsambu, barabara ilikatwa na mvua, wakaahirisha, mwili ukabaki mochwari, padre akakubali, wapishi wakapika tena, hakuna aliyenung'unika, shangazi lazima azike kaka yake, na binti... binti hakutajwa kwenye kusubiriwa, hawakumkataa, ni kwamba hawakumwona kama mtu ambaye barabara yake inaweza kufunguka. Na yeye Wilibrodi, aliyesoma Kiingereza, anayewapandisha watu hapa waliozunguka dunia, angeuliza tu, siku moja, mgeni yeyote, hivi meli inafika bandari lini, swali dogo kama hilo, jibu lake lilikuwa limekaa nyuma ya kiti chake miaka yote likila karanga... lakini hata baba mdogo, usimlaumu baba mdogo, hakulala siku zile zote, alichimba mwenyewe kwa mikono yake, alichotaka ni mtoto asianguke peke yake, ni huruma, ilikuwa huruma, na hiyo huruma sasa utaipeleka wapi.

Ukungu ukasogea kidogo upande wa Loserian, likaonekana tawi moja la mti lenye ndevu zake za kijani, ukafunga tena. Wageni wa Loserian wakasema aah kwa pamoja. Tungojee, mama, Wilibrodi akasema, na mama Birgit akasema, tunangoja, nilikuambia kuhusu balkoni? Watu wengi wanalipia balkoni hawaikalii, na Wilibrodi akasema bado mama, niambie, kwa sababu sauti ile ilikuwa inamsaidia kusimama, na akawaza, akipiga leo nitamwambia, sitamngoja baba mdogo, nitaanza na nini, nitasema Selestina uko wapi, uko na nani hapo, tafuta mtu ukae naye, yeyote, huyo mnayelala naye chumba kimoja, keti, umeketi? na akishasikia hivyo tu atakuwa ameshajua, hakuna anayeulizwa umeketi kwa habari njema, atalia na mimi nitakuwa hapa na simu sikioni naangalia weupe, na atauliza, lini, na nitasema lini, na atauliza, mbona hamkuniambia, na hapo... hapo nitasema tulidhani, tulidhani nini, Wili? Na sauti yake Selestina akaisikia hasa, sauti ya Jumapili ile, mara ya mwisho alipopiga, wametoka misa, simu alikuwa ameishika yeye Wilibrodi na mama amekaa pembeni, uongo ameshauandaa, baba amekwenda kijiji cha Daa kwa rafiki yake, ndivyo walivyopatana kusema, na uongo ule haukutumika, mama akarudi nao jikoni, wakashukuru hata, Wilibrodi alishukuru, leo hakuuliza. Hakuuliza. Aliuliza mguu wa mama, aliuliza kwaya, aliuliza paa la jikoni kama limeezekwa, aliuliza ng'ombe amezaa nini, watoto wa baba mdogo mmoja mmoja kwa majina, polepole, kama mtu anayepita ndani ya nyumba akigusa kila kitu, na chumba kimoja akakipita, hakukigusa, yeye ambaye tangu aondoke neno lake la kwanza lilikuwa nipe baba... Naomi, binamu yao, aliweka picha ya jeneza kwenye status ya simu yake siku ya mazishi, baba mdogo akamfokea ikatolewa kabla chai haijachemka, wakasema haijaonwa, walisema hivyo wote, haijaonwa, na pengine ni hiyo, au pengine haikuhitaji picha, baba mwenyewe alijua kwa ngano.

...unakaa pale na blanketi, anasema mama Birgit, asubuhi sana, kabla hawajaamka, na unaona kama hakuna mtu mwingine duniani, na Wilibrodi anasema, ndiyo mama, na paji lake la uso liko kwenye chuma cha mlango, na weupe uko pale pale, na Loserian anapiga honi kidogo kwa utani na yeye hageuki, kwa sababu anamsikia mdogo wake Jumapili ile, mwisho kabisa, kabla simu haijakatika, akiuliza kwa sauti ya kawaida, ya dada anayejua kazi za nyumbani, usiku mama analala na nani siku hizi? na yeye, mjinga, akiwa amefurahi kwamba la baba limepita salama, akajibu upesi, analala na Naomi, swali ambalo halimhusu mwanamke mwenye mume, linaulizwa juu ya mjane tu, na yeye akalijibu, na kule mbali, juu ya maji, Selestina akasema, vizuri, kaka, asilale peke yake.