Unga wa Magoti

Mzee Vedastus aliwadharau watu wote wanaokula samaki, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya mke wa mwanawe. Dainess alizaliwa kwenye kambi ya wakata miwa huko tambarare. Baba yake alikuwa ametoka Kigoma kutafuta kazi kwenye mashamba ya sukari, na dagaa ndiyo mboga iliyomkuza. Alipoolewa na Martin na kuhamia Old Moshi, kwenye kihamba cha ukoo chenye migomba na kahawa, mzee alimpa sharti moja tu: samaki asiingie jikoni kwake.

"Mtu ana ng'ombe zizini, anakulaje wadudu wa majini?" alikuwa akiuliza, kisha anacheka peke yake.

Dainess hakumjibu hata siku moja. Asubuhi alimpa shikamoo kwa heshima zote na kumwekea mtori wa ndizi mezani, huku moyoni akimkejeli kuanzia kofia hadi gambuti.

Ndipo magoti ya mzee yakaanza kumtesa. Kuteremka mpaka mferejini kukawa shughuli ya kupumzika njiani. Hellen, binti yake aliyekuwa akiishi Shirimatunda, akamletea kopo la unga. Hellen aliuza vitu vya namna hiyo kwa simu: chai ya kupunguza tumbo, mafuta ya kukuza nywele, na sasa peptidi. Neno hilo alilitamka taratibu, kama mtu anayetaja jina la ndugu yake tajiri.

"Ni protini, Baba," alieleza. "Ila imeshakatwakatwa vipande vidogo vidogo, mwili hauhangaiki nayo. Inakwenda moja kwa moja kwenye magoti."

"Inaijuaje njia?" Dainess aliuliza.

Hellen alimtazama juu mpaka chini. "Hiyo ni sayansi, wifi."

Lakini walipobaki wawili jikoni, Hellen alishindwa kujizuia. "Usije ukamwambia," alinong'ona. "Imetengenezwa kwa ngozi ya samaki. Ya ng'ombe iliniishia."

Dainess alicheka mpaka akashika meza. Tangu aolewe katika familia ile alikuwa hajawahi kupewa zawadi tamu kama hiyo.

Kuanzia siku ile yeye mwenyewe ndiye aliyemkorogea mzee unga, kwenye maziwa ya moto, na kumpelekea kwa mikono miwili. Masika yalipokwisha magoti yakapata nafuu. Huenda ni unga, huenda ni kwamba Martin alimkataza kubeba mikungu ya ndizi na akamnunulia fimbo. Mzee hakuwa na shaka yoyote. Alitembea kihambani akiyapiga magoti yake kofi na kuwaambia majirani kwamba ile ni nguvu ya ng'ombe. Hakuna aliyemwambia ni ng'ombe, aliamua mwenyewe. Dainess alimsikiliza akiwa na kikombe kitupu mkononi, na furaha ikamjaa kifuani.

Martin peke yake ndiye aliyeuliza kama daktari wake wa presha anajua habari za kopo hilo.

"Daktari ana magoti yangu?" mzee alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi moja jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwao. Baada ya sala Dainess alimimina maziwa, akarudi jikoni kuchukua vikombe vingine. Aliporudi alimkuta mzee amesimama katikati ya wageni na kopo lake, akimtilia kila mwenye umri mkubwa kijiko kilichojaa. Hakumuuliza mtu chochote. Aliwaambia tu wanywe, watamshukuru.

Kati ya wageni alikuwepo Mama Eunike, mjane wa nyumba ya pili. Kila mtu pale alijua kwamba samaki humdhuru. Kwenye harusi moja huko Rau alikula chapati iliyopikwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki, midomo ikavimba, akabebwa hospitali. Dainess ndiye aliyempepea siku ile kwa kanga.

Sasa alimwona akikiinua kikombe, na alijua la kufanya. Hakulifanya. Alisita, na kilichomsitisha hakikuwa woga. Siri ile ilikuwa yake, alikuwa ameifaidi miezi mingi, na hakutaka iishe. Mama Eunike akapiga funda.

"Mama, tema," Dainess alisema. "Ni samaki."

"Samaki gani?" mzee akadakia. "Ndani ya nyumba hii?"

"Kwenye kopo lako, Baba. Ni ngozi ya samaki. Umeinywa tangu masika."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama Eunike alikuwa tayari anajikuna shingo. Mdomo wa chini ukaanza kujaa, sauti ikakwaruza. Martin na jirani yao Antoni wakampakia kwenye gari la Antoni, na kabla pumzi haijambana sana akawa amechomwa sindano hospitalini.

Daktari, dada mmoja asiye na maneno mengi, aliomba kuliona kopo. Mzee na Dainess walikuwa wamelileta, na Hellen, aliyepigiwa simu, alikuwa ameshafika.

"Hivi vipande vya protini si uongo mtupu," daktari alisema. "Hata maziwa yakiganda vinapatikana humo. Tumbo lako linavitengeneza kwenye maharage. Kwa magoti, wapo wanaopata nafuu kidogo, wapo wasiopata. Lakini samaki ukimkatakata bado ni samaki, na mwili usiomtaka unaweza kumtambua. Wewe mzee, unatumia dawa za presha?"

"Natumia."

"Baadhi ya unga wa jamii hii hushusha presha, ukichanganya na vidonge unaweza kuanguka. Nani hapa hospitali alijua unautumia?" Daktari akamgeukia Hellen. "Na wewe, wateja wako unawauliza nini kabla ya kuwauzia?"

"Nawauliza wanakaa wapi," Hellen alisema. "Ili niwapelekee."

Daktari akamrudishia kopo lake.

Mama Eunike alikuwa amelala akiwasikiliza wote, uso bado umevimba. "Mmoja hakujua, akagawa," alisema. "Mwingine alijua, akaniangalia nikinywa. Sijui nimchukie yupi kwanza."

Dainess alitaka kuomba msamaha, badala yake akamtazama Hellen aliyeleta kopo. Mzee Vedastus alikuwa kando yake, kidevu juu, akitafuta mtu wa kumlaumu, na Dainess alikuwa amesimama vilevile kabisa. Katika nyumba nzima ile hakukuwa na mtu aliyefanana na mzee kuliko yeye.

Zamu ya jumuiya ikarudi kwao tena. Mama Eunike alikuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, akachagua kiti cha mbali, akanywa taratibu na hakumkaribisha mtu.