Mkwe Hatangulii, Mkwe Hafuati

Tangu aolewe Manga, Mong'ina alikuwa akiyasikia maporomoko ya maji bila kuyaona. Masika yakishika, ukitulia jikoni kwake utayasikia yakinguruma nyuma ya mlima. Amezaa watoto, amezika mume, amechuma majani chai miaka nenda miaka rudi, na maji yananguruma tu. Alipokuwa bi harusi mgeni aliomba ruhusa ya kwenda kuyaona, mama mkwe wake akamuuliza kama ameishiwa na kazi. Basi akanyamaza. Kule mtu huenda mtoni na mtungi au na ng'ombe. Kwenda kutazama maji yakianguka kisha urudi mikono mitupu ni mambo ya watu wa mjini.

Sasa binti yake Linda, aliyeolewa Kebirigo, akaja na habari kwamba yeye na mumewe Mose wanapanga kuwapeleka rafiki zake wawili wa kwaya huko huko. Watapanda asubuhi, watakula huko, watarudi jioni. Jumamosi ni ya kanisa, Jumatatu majani chai yanapokelewa kituoni, kwa hiyo ni Jumapili. Mong'ina alikuwa akimenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Mimi pia nakuja," alisema. "Haya magoti yananiambia ni mwaka huu ama basi."

Linda alifurahi hata akasahau kufikiri. Alimpigia Mose simu papo hapo, na upande wa pili pakawa kimya mpaka akadhani laini imekatika. Ndipo mama na binti walipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza wa pande hizo analijua.

Mkwe na mama mkwe wana chinsoni, yaani huoneana haya. Mose hakuwahi kula meza moja na Mong'ina wala kumkazia macho. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani kumpisha mwenzake, na ni mashindano ya nani ataingia kwanza. Siku moja waliingia wote wawili, kila mmoja upande wake, njia ikabaki tupu. Barabarani mambo hayo ni rahisi. Lakini njia ya maporomokoni ni nyembamba na imesimama kama ngazi. Mama mkwe akitangulia, mkwe atakuwa chini yake akimtazama anavyopanda, jambo ambalo hata kulisema ni aibu. Mkwe akitangulia na mama akateleza nyuma yake, hawezi kugeuka wala kumshika mkono. Na anayeijua njia hiyo ni Mose peke yake, kwa kuwa utotoni alichunga mbuzi huko.

Mose akajitoa. Alimwambia Linda kwamba rafiki yake Ongeri atawapeleka, mradi mama afurahi. Linda akaufikisha ujumbe Manga. Mong'ina akakataa katakata: Ongeri amezaliwa mjini, atawapoteza watoto wa watu. Bora yeye abaki, Mose aende. Linda akaurudisha ujumbe Kebirigo. Mose akasema mama akibaki, naye anabaki. Wiki nzima Linda alikuwa daraja la kukanyagwa huku na huku, na wale wawili wakiheshimiana kwa ukaidi wa punda. Rafiki wa kwaya wakauliza kama safari bado ipo ama wajifulie nguo zao.

"Heshima si utumwa, Mama," Linda alisema mwishowe.

Mong'ina alicheka, akasema magoti yenyewe yamegoma. Lakini aliumia. Alikuwa akienda nyuma ya jikoni kusikiliza, akijiambia kwamba sauti inatosha. Haikutosha. Kusikia si kuona, na yeye alikuwa amesikia vya kutosha.

Ijumaa Linda alikuja na mfuko kutoka kwa Mose, ambaye huuza viatu vya mitumba sokoni Kebirigo. Ndani mlikuwa na raba za kijani zenye soli ya meno makali. Mong'ina alizivaa, zikaingia kama zilishonwa kwa ajili yake. Hata kidole gumba chake cha kushoto kilichopinda, ambacho hakijawahi kupatana na kiatu chochote, kilipata nafasi yake.

"Ulimwambia namba yangu?"

"Mimi hata siijui, Mama. Alipima nyayo zako kwa matope, hapo kwa geti, ile siku mvua ilinyesha. Alipima na kijiti."

Mong'ina alikaa kitini. Kumbe yale macho yaliyokuwa yakiinama miaka yote hayakuwa yamelala. Yalikuwa yakiangalia mahali pekee yaliporuhusiwa, na hapo yakaona kila kitu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Mwambie huyo mtu hizi raba si za kuenda kanisa," alisema. "Atangulie kona moja mbele. Akifika pabaya apige mluzi. Nikianguka, nitaanguka kimya."

Jumapili wakapanda. Mose alikuwa kona moja mbele, haonekani, mluzi wake tu ukiwaonya penye utelezi. Mong'ina alifuata na raba zake za kijani, na Linda na rafiki zake walikuja nyuma wakihema na viazi vitamu na chai mgongoni. Hakuanguka hata mara moja.

Kisha mluzi ukalia karibu mno. Walipopinda kona walikuta mto, maji ya magotini yakienda mbio, na katikati yake Mose. Amekunja suruali, amewapa mgongo, uso ameuelekeza ng'ambo kama mtu aliyekasirikia dunia nzima. Nyuma yake amenyoosha fimbo ndefu.

Mong'ina alishika ncha yake. Mose akapiga hatua moja, akasikilizia uzito, akapiga nyingine. Walivuka hivyo.

Na ng'ambo, nyuma ya miti, yalikuwepo. Yalianguka meupe kutoka juu, yakapasukia mawe, yakamrushia umande usoni kabla hajakaribia. Mong'ina alisimama akiyatazama. Alipotazama pembeni, mkwe wake alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya jiwe.

"Mose, mwanangu, njoo usimame hapa," alimwita. "Wewe utatazama maji na mimi nitatazama maji. Sasa nani atakuwa anamtazama mwenzake?"

Kwanza fimbo ilichomoza nyuma ya jiwe. Kisha Mose akaja, akasimama umbali wa fimbo moja, macho kwenye maji. Waliloa wote wawili.

"Mguu wa kushoto haubanwi, Mama?" aliyauliza maji.

"Haubanwi," Mong'ina aliyajibu maji.