Kaburi la Orofa ya Tano

Mchimba kisima, wanasema, huingia mwenyewe. Kule Kinoo mchimbaji aliosha jembe lake, akala githeri yake chini ya mparachichi, akaenda zake nyumbani. Aliyeingia ni mshika taa.

Peres Adongo alikuwepo. Gazeti lake lilikuwa limemtuma kumhoji nyota wa tamthilia ya Wakwe Watatu, ambayo siku hiyo ilikuwa inapiga picha za mazishi ya baba mkwe katika shamba la Mama Waceke. Kwa miaka mingi Peres alikuwa ameandika habari za filamu na televisheni: nani ameachwa na tamthilia gani, nani alivaa nini usiku wa tuzo, kwa nini watu humlilia mhusika aliyekufa zaidi kuliko wanavyomlilia jirani. Aliijua kazi hiyo na aliipenda. Alikuwa ameketi na nyota ndani ya hema la vipodozi, machozi ya glisirini yakiwa hayajakauka mashavuni, taa zote zilipozimika.

Walipotoka nje walimkuta Haron, mshika taa, amelala chali ndani ya kaburi lililochimbwa kwa ajili ya picha, glavu moja mkononi. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na waya wa taa ulikuwa na mahali palipochunika. Haron mwenyewe alikuwa amemwambia mtayarishaji, Bwana Mbuthia, habari za waya huo, mbele ya watu. Walimtoa, gari likaondoka naye, na kabla halijafika hospitali alikuwa ameshakata roho. Baada ya chakula cha mchana mazishi ya baba mkwe yalipigwa tena, kwa kuwa jua lilikuwa limetoka na lilikuwa jua zuri.

Taarifa ya kampuni ilisema marehemu alikuwa amemaliza kazi na kuondoka, akaanguka njiani kwa sababu zake mwenyewe. Peres aliandika alichokiona. Mhariri wake, Kivuva, aliisoma makala, akaikata aya ya Haron, akayaacha machozi ya nyota.

"Wewe ni mtu wa filamu, Peres," alimwambia. "Vifo vina dawati lao."

Peres akaipeleka aya kwenye dawati la vifo. Huko akaambiwa kwamba jambo lililotokea mbele ya kamera ni burudani, airudishe alikoitoa.

Haron alizikwa kwao, magharibi. Dada yake Everlyn, anayeshona sare za shule Kabiria, alikuja kumwona Peres na hakutaka mengi. Alitaka lisemwe neno moja, kwamba ndugu yake alikufa kazini. Kanisani kwao watu walikuwa wamesikia habari za kuanguka njiani na kila mmoja alikuwa amejaza chupa mwenyewe.

"Mama hakai tena kiti cha mbele," alisema Everlyn. "Anakaa huko nyuma, karibu na mlango, kama mtu amezaa mlevi. Na Haron hata soda ya baridi ilikuwa inamsumbua."

Kaburi, kwa upande wake, lilibaki wazi. Mama Waceke alikuwa amewaambia watu wa picha tangu mwanzo kwamba shimo la maiti halifunguliwi bure. Wakimaliza mchezo wao walifukie na shina la mgomba ndani, mahali pa maiti, kama inavyofanywa. Bwana Mbuthia akasema lisiguswe kwanza, huenda wakarudi kupiga upya.

"Basi njooni mlale nalo nyinyi," Mama Waceke akamjibu. "Hilo limeshaonja mtu. Mimi sitaki shimo lenye njaa karibu na ng'ombe wangu."

Jumanne moja asubuhi kaburi halikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyasi, na Mama Waceke akamfunga ng'ombe papo hapo. Watu waliliona Kangemi, kando ya Waiyaki Way, likingoja nafasi ya kuvuka. Westlands, askari wa trafiki alisimamisha magari, likapita. Alhamisi wafanyakazi wa Bwana Mbuthia walipofungua ofisi, katika orofa ya tano ya jengo moja katikati ya jiji, walilikuta koridoni, kati ya mapokezi na chumba cha kuhariria picha. Haikujulikana kama lilipanda kwa lifti au kwa ngazi. Lifti wiki hiyo ilikuwa mbovu, kwa hiyo wengi walisema ngazi.

Lilikuwa na kina cha futi sita. Orofa ya nne, kwa daktari wa meno, dari haikuwa na hata ufa. Msimamizi wa jengo alipanda, akalitazama, akasema mkataba wa upangaji unakataza mbwa na majiko ya mkaa na hautaji makaburi, ila udongo ukifika ngazini watasikizana vibaya. Debra wa mapokezi aliweka kile kibao cha manjano cha kuonya kwamba sakafu ina maji. Baadaye akaisogeza meza yake ili wageni wapate pa kupita.

Sasa Bwana Mbuthia alikuwa tayari kwa mgomba. Likaletwa shina nene, likatumbukizwa, udongo ukamwagwa juu. Asubuhi udongo ulikuwa umerudi kwenye magunia yake, na shina la mgomba lilikuwa limekaa kwenye kiti cha Bwana Mbuthia, limeegemea vizuri. Hakujaribu tena.

Dawati la habari lilipopata fununu lilisema hilo ni kaburi la tamthilia, si la watu. Kivuva akamwita Peres.

"Hili sasa ni lako kabisa," alisema. "Niletee kitu cha kuchekesha."

Peres alikwenda, akaomba ngazi, Debra akaiazima kwa mafundi wa rangi. Aliteremka na simu yake mdomoni ili mikono iwe huru. Udongo ulikuwa ule mwekundu wa Kinoo, ungali na unyevu wa mvua ya siku ile, na mizizi ya mparachichi ilikuwa imekatwa upande mmoja. Chini kabisa palinuka plastiki iliyoungua. Hapo palikuwa na glavu ya pili, imeandikwa HARON kwa kalamu nene, kama mafundi wa taa wanavyoandika ili wenzao wasiwaibie. Alipiga picha, akapanda, akajikung'uta nje ya mlango kwa heshima ya msimamizi wa jengo.

Makala yake ilianza na mgomba kitini. Kivuva alicheka hadi akavua miwani, akaipeleka kuchapwa kabla hajafika katikati. Katikati ndipo Peres alipokuwa ameiweka ile aya, neno kwa neno: waya uliochunika, onyo la Haron, kifo kazini.

Bwana Mbuthia alisema glavu ni ushahidi wa glavu. Everlyn alipokwenda kuiomba, aliambiwa kwa upole kwamba vyote vilivyomo kaburini ni vifaa vya kampuni. Gazeti, ambalo Bwana Mbuthia hulilipia kurasa nzima za matangazo, lilichapisha masahihisho ukurasa wa pili, likisema linajutia usumbufu. Kule magharibi masahihisho yalisomwa kanisani. Mama yake Haron hakuhama kutoka karibu na mlango.

Lakini Bwana Mbuthia hakutosheka na ukurasa wa pili. Alitaka Peres mwenyewe aombe msamaha, kwa mdomo wake, kwenye uzinduzi wa msimu wa pili, mbele ya waandishi wenzake wote wa filamu.

"Ni maneno mawili tu," Kivuva alimsihi. "Unasema, unashuka, unakula samosa. Ukikataa siwezi kukuokoa, ukurasa nampa mtu mwingine. Na nani atakumbuka?"

"Mama yake Haron," alisema Peres.

Kivuva alifuta miwani yake. Halafu akasema uzinduzi ni Ijumaa, saa kumi, na asichelewe.

Uzinduzi ulifanyika orofa ya tano. Msimu wa pili ulikuwa na mazishi ya mama mkwe, ambayo yalikuwa yameshapigwa palepale koridoni. Yaliwaepushia safari ya Kinoo. Taa zilikuwa bado zimesimama. Kijana mwingine alikuwa amezishika, na waya ulikuwa ule ule, umezungushiwa utepe mweusi mahali palipochunika. Wageni walilizunguka shimo na sahani zao. Waandishi walimwomba nyota asimame ukingoni, mguu mmoja mbele, kwa kuwa mwanga wa pale ulimpendeza. Everlyn alikuwa ameketi upande wa pili, kwenye stuli ya plastiki. Alikuwa akija kila Ijumaa baada ya kushona, na Debra alikuwa amezoea kumpa chai.

Bwana Mbuthia alimshukuru kila mtu. Akasema sanaa husamehe, na kwamba dada yetu Peres ana jambo la kutuambia. Akampa kipaza sauti.

Peres alikipokea, akakijaribu kwa kidole. Kivuva, mlangoni, alitazama viatu vyake.

"Naitwa Peres Adongo, naandika habari za filamu na televisheni," alisema. "Haron Amukoya alikufa kazini, humo ndani ya shimo mnalolizunguka na samosa. Nilimwona wakimtoa. Niliandika hivyo, na kesho nikiulizwa nitaandika hivyo tena. Siombi msamaha."