Kibanda Kirefu cha Mapazia

Connie alikuwa anashona mapazia, tena marefu. Si haya ya dirisha la sebuleni. Wateja wake walikuwa makanisa, kumbi za harusi na hoteli mbili tatu, watu wenye madirisha yanayoanzia sakafuni na kuishia karibu na dari. Pazia la namna hiyo huwezi kulimalizia mezani. Lazima ulitundike, uliache lining'inie siku nzima mpaka kitambaa kivutike kwa uzito wake, ndipo upinde pindo la chini. Ukiharakisha, baada ya mwezi upande mmoja utafagia sakafu na mwingine utakuwa umeinuka kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla.

Kwa miaka sita alikuwa akiyatundika nje, kwenye bomba la chuma ambalo mumewe, Gasana, alilifunga kwenye ukingo wa paa. Nyumba yao iko Gatsata, mlimani, na upande wa bondeni paa liko juu sana. Lilitosha. Kisha siku moja ya mwezi wa tano mvua ilikuja bila hata ngurumo, ikakuta mapazia manne meupe ya kanisa moja la Gikondo yakiwa nje. Udongo mwekundu uliruka mpaka usawa wa magoti. Connie aliyafua siku mbili, akayapeleka yakiwa safi, na hakuna aliyegundua chochote. Lakini aliporudi nyumbani alimwambia mumewe:

"Baba Gwiza, mimi nataka chumba changu. Kirefu."

"Kirefu iko namna gani?"

Gasana alikulia Mbarara na Kiswahili alikiokota barabarani, miaka thelathini ya kuendesha malori kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Cha Connie kilikuwa cha shule ya Karagwe. Tangu wamerudi Rwanda walikuwa wakiongea Kinyarwanda, lakini kila jambo zito lilipoingia walijikuta wamerudi kwenye Kiswahili, kila mtu na chake.

Connie alimchorea. Nafasi pekee iliyobaki kwenye kiwanja ilikuwa ukanda wa mita nne kati ya nyumba yao na ukuta wa jirani, wenye migomba mitatu na kamba ya kuanikia nguo. Hapo alitaka kibanda cha mbao: upana mita mbili na nusu, mita tatu kwenda nyuma, na kimo mita sita.

Gasana aligeuza karatasi huku na huku. "Hii si chumba, Mama Gwiza. Hii ni mnara." Akafikiri kidogo. "Lakini utaniwekea dirisha kule juu. Na kiti. Niwe naangalia malori yakiteremka Nyabugogo."

Kibali kilipopatikana kiangazi kilikuwa kimeshika, na jua la mwezi wa nane limeufanya mlima mzima kuwa na rangi ya matofali. Wakamwita fundi Onyango, Mkenya mwenye karakana ya mbao Gikondo, aliyekwisha kujenga vibanda vya walinzi katika nusu ya mji. Alifika Jumamosi asubuhi akiwa na sululu, kamba na timazi. Connie alimpa mchoro. Onyango aliukunja bila kuufungua vizuri, akautia mfukoni.

"Hii tutaangalia baadaye, mama. Kwanza tuangalie ardhi."

"Wewe ni fundi wa mbao au wa udongo?" Gasana aliuliza.

"Mbao haina shida, mzee. Mbao nitakupangia mpaka uguse mawingu. Lakini kitu kirefu na chembamba hivi, upepo ukikisukuma huku juu, nguvu yote inaenda huku chini. Kama chini pamelegea upande mmoja tu, kinaanza kuinama pole pole. Leo kidole, kesho kiganja."

Alichimba mashimo matatu ya kupima. La kwanza, karibu na nyumba, lilifika kwenye udongo mgumu wa kokoto nyekundu kabla hajazama kiunoni. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa upande wa bondeni, hatua moja tu kutoka ukuta wa jirani, uliozuia ua wake ulioinuliwa juu ya kiwanja chao, na hapo sululu ilizama kama inakata keki. Alichimba mita moja, akachimba mita na nusu. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi, umechanganyika na vipande vya vigae na mifuko ya saruji iliyooza. Kisha Onyango akainama, akatoka na donge la tope mkononi.

"Mama Gwiza, mvua ya mwisho hapa ilinyesha lini?"

Connie alihesabu. "Labda wiki tano."

"Basi haya maji yanatoka wapi?"

Walikuwa bado wanachungulia shimo pale Mugenzi, jirani yao, alipotokea getini. Alikuwa mtu mzima mstaafu, mpole siku zote, lakini asubuhi hiyo hakupiga hata hodi vizuri.

"Nimesikia sululu tangu saa mbili," alisema. "Mnachimba chini ya ukuta wangu. Huu ukuta umebeba ua wangu wote. Mkiendelea, utakuja kulala huku kwenu, na mimi pamoja nao."

Gasana alitaka kujibu, na kwa jinsi alivyovuta pumzi jibu halingekuwa zuri. Connie alimgusa mkono. Alimwogopa Mugenzi kidogo, kwa kuwa alijua hofu ya mzee ilikuwa na msingi kuliko kibanda alichotaka yeye kukijenga. Ukuta ule kweli ulikuwa karibu, na yeye kweli hakumwambia mtu.

"Muzehe, tusamehe," alisema, akimwita mzee kwa Kinyarwanda. "Ilibidi tukupe habari kabla. Lakini umekuja wakati mzuri. Hebu njoo uone kitu, kwa sababu nadhani kinakuhusu kuliko hata sisi."

Mugenzi alisogea, akainama juu ya shimo. Chini kabisa maji yalikuwa yamejikusanya, kiasi cha kujaza sufuria ndogo, na yalikuwa safi.

"Hapa ndipo walipomwaga udongo walipokata mlima kunijengea," alisema, sauti imeshuka. "Lakini maji sijui."

"Mzee, kwako maji ya bomba yanapanda vizuri ghorofani?" Onyango aliuliza.

"Hayapandi. Karibu mwaka sasa. Nafikiri ni presha ya mtaa."

Onyango aliomba ruhusa, wakaenda wote wanne kwa Mugenzi. Walifunga koki zote, jikoni, bafuni, bustanini, kisha wakasimama mbele ya mita ya maji. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa bado kinazunguka, taratibu, bila haraka yoyote, kama kilivyokuwa kimefanya mwaka mzima. Mugenzi alivua kofia.

"Yesu wangu," alisema. "Kumbe ni mimi ninayeulainisha ukuta wangu mwenyewe."

Fundi bomba aliyeitwa siku hiyo hiyo alikuta kiungio kimepasuka futi mbili chini ya ua, upande ule ule wa ukuta. Alikibadilisha kabla ya saa kumi. Jumapili, baada ya ibada, Mugenzi alikuja tena, safari hii akipiga hodi, na mkungu wa ndizi begani.

Onyango alisema shimo liachwe wazi wiki mbili likauke. Kwa Connie wiki hizo zilikuwa ndefu. Wateja walikuwa wanapiga simu, na mapazia yaliendelea kutundikwa kwenye bomba la zamani, kwenye vumbi. Lakini kila jioni, kabla jua halijazama, yeye na Gasana walikuwa wakienda kuangalia shimo lao kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa anayepata nafuu. Siku ya nne maji yalikuwa yamekwisha. Siku ya tisa ukuta wa shimo ulianza kupasuka nyufa ndogo za ukavu. Gasana alishuka ndani, akapiga mguu chini, akasema, "Iko sawa, iko sawa," ingawa alikuwa hajui anachopima.

Onyango aliporudi ndipo alipoufungua mchoro. Walikaa barazani na chai ya maziwa.

"Ardhi tumeielewa sasa," alisema. "Upande wa juu tunakaa kwenye udongo mgumu, hapo ni rahisi. Upande wa chini tunatoa udongo wote wa kujazwa mpaka tufike ule mgumu. Msingi utakuwa na ngazi. Juu yake tunamwaga kitako cha zege kipana kuliko kibanda, nusu mita kila upande, na nondo ndani. Kibanda kinafungwa kwenye kitako na bolti. Hapo hata upepo ukisukuma, unasukuma kibanda na zege yote kwa pamoja."

Connie aliona tatizo mara moja. "Nusu mita kila upande, na upana wangu ni mbili na nusu. Hiyo ni mita tatu na nusu. Ukanda wetu ni mita nne. Tutakuwa tumebanana na ukuta wa muzehe."

"Ndiyo. Kwa hiyo unipe kitu kimoja, mama. Upana au kimo. Mimi ningepunguza vyote, kidogo kidogo."

Gasana alisema kimo kisiguswe. Onyango alisema kimo ndicho chenye hatari. Connie alikwenda ndani, akaleta daftari la kazi zake, akakaa kupitia vipimo vya kila pazia alilowahi kushona. Refu kuliko yote lilikuwa la mita nne na sentimita sabini. Sita aliichagua kwa sababu ilisikika vizuri. Alijicheka mwenyewe, kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"Mita tano na robo," alisema. "Inatosha reli ya juu na mimi kuzunguka na pini huku chini. Na upana mita mbili. Pazia halihitaji upana, linahitaji kuning'inia."

"Na kiti changu?" Gasana aliuliza.

"Dirisha utapata. Kiti utakaa barazani kama watu wengine."

Gasana alimtazama, akatazama mchoro, akanywa chai. "Dirisha ni nzuri," alisema.

Uchimbaji ulianza Jumatatu. Kwa ajili ya ukuta wa Mugenzi, Onyango hakuufungua upande wa chini wote kwa mara moja. Aliugawa sehemu tatu: walichimba ya kwanza, wakaijaza mawe na zege, wakasubiri ishike, ndipo wakafungua ya pili. Mugenzi alileta kiti chake uani kwake, ukingoni mwa ukuta, akawa anasimamia, na mara mbili alishuka kusaidia kupitisha mawe, ingawa aliombwa asifanye hivyo. Mwishoni aliomba jambo moja: mtaro wa maji ya mvua upite katikati ya ukuta na kibanda, ili ua wake na paa la Connie vimwage maji sehemu moja, mbali na msingi. Onyango alisema alitaka kulipendekeza hilo hilo.

Siku ya kumwaga kitako walisuka nondo asubuhi, wakapanga mbao za ukingo, wakanyoosha kamba. Onyango alipima pande zote nne na pima maji, akaridhika. Mchanganyiko wa zege ulikuwa tayari unazungushwa na mabeleshi. Connie alikuwa amesimama pembeni na futi yake ya kushonea shingoni.

"Fundi, ngoja," alisema. "Umepima kona kwa kona?"

"Pande ziko sawa, mama."

"Hata kitambaa pande zake zinaweza kuwa sawa na bado kimekaa upogo. Nishikie hapa."

Walivuta kamba kutoka kona moja hadi ile inayoitazama, wakatia alama, kisha wakavuta kwenye kona nyingine mbili. Kamba ilipishana upana wa vidole viwili. Onyango alichuchumaa, akagundua mbao moja ya ukingo ilikuwa imesukumwa na teke la mtu wakati wa kupanga nondo. Aliigonga ikarudi mahali pake, wakapima tena, ikalingana.

"Nikirudi Gikondo nitakuja kukuajiri," alisema, akicheka, na akawaashiria watu wake wamwage.

Zege ililowanishwa kwa maji kila asubuhi kwa siku kumi na nne, na kazi hiyo Gasana aliichukua yeye, na mpira wa maji, akiimba. Kisha nguzo zikasimama, zikafungwa kwenye bolti, timazi ikateremshwa kila kona. Kibanda kilipanda haraka, mbao juu ya mbao, mpaka kikapita paa la nyumba, na watu waliokuwa wakiteremka barabarani wakawa wanasimama kukitazama. Wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa Onyango alipigilia bati la mwisho, akakusanya vyombo vyake.

Mvua ya kwanza ilikuja siku tatu baadaye, adhuhuri, ikitanguliwa na upepo uliopinda migomba yote ya mlimani. Connie alikuwa ndani ya kibanda. Pazia la ukumbi mmoja, rangi ya divai, lilikuwa limetundikwa tangu jana yake. Gasana aliingia mbio, kichwa kimelowa, akafunga mlango.

Walisikia mbao zikilia kidogo huku juu. Connie aliweka kiganja kwenye nguzo ya upande wa bondeni. Nguzo ilikuwa inatetemeka kwa mbali sana, kama mtu anayevuta pumzi, lakini haikusogea. Alitazama pazia. Lilikuwa limenyooka kutoka reli hadi chini, halina habari na upepo wa nje. Nje ya mbao maji yalikuwa yanakimbia mtaroni, na kwa juu ya kelele hiyo walimsikia Mugenzi akipaza sauti kutoka ng'ambo:

"Mama Gwiza! Mko wima?"

"Tuko wima, muzehe!"

Gasana alipanda kwenye ngazi ya kutundikia mapazia, akapangusa kioo cha dirisha lake kwa mkono wa shati na kuanza kumhesabia mkewe malori yaliyokuwa yamewasha taa kule Nyabugogo. Connie alichukua pini, akaweka tatu mdomoni, akapiga magoti kwenye sakafu kavu na kuanza kupinda pindo.