Masomo Aliyochaguliwa na Marehemu

Kati ya fomu arobaini na moja zilizorudi baada ya mapumziko ya katikati ya muhula, thelathini na tatu zilisema kwamba mwenye fomu atakuwa daktari. Mwalimu Mellen alizihesabu mara mbili, na si kwa furaha, maana aliwajua hao madaktari wake. Mmoja hajawahi kufikisha alama thelathini za baiolojia tangu aingie kidato cha kwanza, na mwingine alizirai siku walipompasua chura. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mwaka wa kumi na saba wa Mellen ubaoni, na uchovu wake haukuwa tena ule wa mtu kulala akaamka mzima. Ulikuwa umeshahamia, umekuja na virago vyake.

Yeye ndiye aliyesimamia uchaguzi wa masomo ya kidato cha tatu katika shule hiyo ya wasichana iliyo nje kidogo ya Rangwe. Kila mwaka aliwaambia maneno yaleyale. Somo si jina la kazi, alisema. Somo ni ujuzi ambao litakuachia mikononi na kichwani hata ukishasahau kila kilichokuwa kitabuni. Historia itakufunza kupima maneno ya shahidi na kujua ametia chumvi wapi. Kilimo kitakufunza kungoja huku unafanya kazi. Fizikia itakufunza kutoyaamini macho yako mpaka uwe umepima. Basi usiulize utakuwa nani, uliza mikono yako tayari inajua nini, kisha tafuta somo litakaloukuza ujuzi huo. Wasichana walimsikiliza kwa adabu, wakaenda kwao, wakarudi madaktari. Afadhali angempigia mbuzi gitaa, kwani mbuzi angalau hajazi fomu.

Fomu iliyomkwamisha ilikuwa ya Phelesia. Kwa penseli, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, palikuwa pameandikwa fizikia na uchoraji wa ufundi. Juu yake ikapita kalamu nyekundu, mkato mmoja mrefu, na pembeni herufi kubwa zikasema BAIOLOJIA, SAYANSI KIMU. Chini palikuwa na sahihi ya baba, imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Angekuwa msichana mwingine, Mellen angeipanga fomu hiyo pamoja na zile za madaktari akaenda kunywa chai. Lakini Phelesia alitoka Macalder, alikokulia na karai mkononi akiosha mchanga wa dhahabu na mamake. Muhula wa kwanza, mwalimu wa fizikia, Bwana Cephas, aliwapa wasichana mawe kumi yanayolingana kwa ukubwa ayapange kila mmoja kwa uzito, kwa kutumia mizani. Phelesia hakuigusa mizani. Aliyapima kiganjani, moja baada ya jingine, akayapanga, na mizani ilipoletwa haikupata la kusahihisha. Cephas alilizungumzia jambo hilo chumba cha walimu kwa wiki nzima. Na kilichompendeza zaidi si mkono wa mtoto, bali swali aliloliuliza baadaye: kwa nini kizito hutangulia chini, hata kikiwa kidogo kuliko wenzake?

Mellen alimwita ofisini.

"Ni baba aliyekata hapa?"

"Ndiyo, madam."

"Na wewe mwenyewe wataka nini?"

"Fizikia."

"Ulimwambia hivyo?"

Msichana aliangalia viatu vyake. "Siwezi kumwambia, madam. Nyumbani mimi si mimi. Mimi ni shangazi."

Mellen hakuhitaji kufafanuliwa sana. Yeye ni Mkuria, kwao pia majina ya marehemu hurudishwa kwa watoto, na mtoto huheshimiwa kwa ajili ya yule ambaye jina lake analibeba. Ila katika miaka yote kumi na saba hakuwahi kuona marehemu akichaguliwa masomo. Mwalimu mkuu alitaka orodha Jumatatu asubuhi, na ikishabandikwa hakuna kubadilisha tena mpaka mtihani wa kidato cha nne. Ilikuwa Ijumaa. Mellen alitamani Jumamosi yake, godoro lake na beseni la maji moto ya kutia miguu. Alizitamani kweli. Kisha akasema, "Kesho jiandae mapema, tunakwenda kwenu," na akajichukia papo hapo.

Walifika Macalder saa saba mchana, wamejaa vumbi. Zablon, babake Phelesia, alikuwa ametoka shimoni, udongo mwekundu bado uko kwenye mipasuko ya vidole vyake. Alimsalimu mwalimu kwa heshima, halafu akamgeukia bintiye, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Dada, umefika salama?"

Mellen alidhani ni mzaha wa baba na mtoto. Haukuwa mzaha. Zablon aliingia ndani akatoka na viti viwili, kimoja chenye egemeo na kingine kigoda. Kile chenye egemeo akamwekea Phelesia. Mgeni akapewa kigoda, na wadogo zake Phelesia wakakaa chini kwenye mkeka bila mtu kushangaa. Mlangoni mwa nyumba ya pili alikuwa ameketi bibi kizee, mamake Zablon, ambaye watoto walimwita Dani, akibangua njugu katika ungo. Aliinua kichwa, akamtazama Phelesia kwa muda, akatabasamu kwa namna ambayo mtu humtabasamia mtoto wa tumbo lake.

"Mwalimu, najua umekuja juu ya fomu," alisema Zablon. "Mimi si mtu wa kukataa masomo. Lakini hii si maneno ya kupenda. Dada yangu Phelesia alikuwa nurse kule Homa Bay. Ni yeye alinivalisha uniform ya kwanza. Mwaka ya themanini alitumwa Mfangano kuchanja watoto, boti ikapinduka. Hiyo mwaka ndio huyu alizaliwa. Alilia siku nne, hanyonyi. Tukaita majina ya watu wetu wote walioenda, analia tu. Tukaita Phelesia, akanyamaza."

"Nimeelewa, Baba Phelesia."

"Ngoja. Hiyo usiku mama akaota. Dada alikuja kwa ndoto, akasema amerudi. Sasa kama amerudi, si amerudi na kazi yake? Ukimpea fizikia ni kama umemvua uniform."

Mellen akavuta pumzi akatoa hotuba yake, ile ile ya kila mwaka. Akaeleza ujuzi ni nini, akaeleza habari za mawe kumi na mizani, akasema kwamba mtoto mwenye mkono kama huo akifundishwa fizikia anaweza kupima barabara, madaraja, migodi, hata mashine za hospitali. Alisema vizuri, na aliposema alijisikia kama mtu anayesoma tangazo la mkutano uliokwisha. Zablon alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hiyo ujuzi ya karai ni ya huyu mwili," alisema kwa upole. "Mimi naongea juu ya mwenye mwili."

Mellen alimtazama Phelesia. Msichana alikuwa amekaa wima katika kiti chake cha egemeo, mikono magotini, kama mtu mzima aliyealikwa barazani kusikiliza kesi ya wengine. Hakuna aliyemuuliza neno, na kwa kweli asingeweza kuulizwa, kwa sababu kwa mujibu wa boma lile alikuwa ameshajibu kabla hajazaliwa. Mellen aliikunja fomu akairudisha mkobani. Ukweli lazima usemwe: alipoifunga zipu alisikia nafuu. Alikuwa amefika, amesema, ameshindwa. Sasa hakuna wa kumlaumu akienda kulala.

"Zablon," aliita Dani kutoka mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vimeacha njugu. "Mimi sikuota."

"Nini, Mama?"

"Hiyo ndoto. Sikuota."

"Mama, ulituambia asubuhi, watu wote wakasikia. Baba akachinja jogoo."

"Nilisema, ndiyo. Mtoto alikuwa analia, mimi pia nalia, hata mwili yake hatukuwa tumezika vizuri. Nilitaka tu hiyo jina iitwe tena kwa hii boma. Mama akifiwa anaweza kusema kitu yoyote. Lakini ndoto haikukuwa."

"Na huyu alinyamaza kwa nini tulipoita jina?"

"Alichoka. Mtoto akilia siku nne, anachoka."

Kuku alipita katikati yao akidonoa maganda ya njugu, na Zablon alimfuata kwa macho mpaka akaingia nyuma ya ghala. Mellen alitegemea makelele. Aliona badala yake uso wa mtu mzima ukivunjika taratibu, kwa sababu mtu huyo alikuwa amefiwa na dada yake miaka kumi na sita iliyopita na habari zilikuwa zinamfikia leo. Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akaacha alama nyekundu shavuni.

"Lete kalamu," alimwambia Phelesia. Hakusema dada. "Wewe, lete kalamu."

Phelesia alimletea. Mellen akaitoa fomu tena. Zablon akakata maneno yake mwenyewe, akaandika fizikia, akauliza ile nyingine inaandikwaje, akaandika uchoraji wa ufundi, akatia sahihi. Sahihi ya safari hii ilikuwa nyepesi, haikutoboa kitu.

"Hicho kiti mpe mwalimu," alisema bila kumtazama bintiye. "Wewe kaa kwa mkeka na wenzako."

Phelesia alibeba kiti chenye egemeo, akakiweka mbele ya Mellen, akaenda kukaa chini kati ya wadogo zake. Mmoja wao akamkanyaga mguu kwa makusudi, kwa furaha tupu ya kugundua kwamba sasa inawezekana. Alikuwa amepata alichokitaka, kila neno lake, na alikaa pale kama mtu aliyenyang'anywa. Mellen alikalia kile kiti kwa sababu ingekuwa matusi kukataa. Hakikumpumzisha.

Mellen alipoaga, Phelesia alibaki kulala kwao mpaka Jumapili. Dani alisimama amsindikize mgeni, kama ada ilivyo, na hakuna aliyethubutu kumwambia ni mzee asiende. Walipita njia iliyozunguka mashimo ya zamani, mwalimu na miguu yake iliyovimba, bibi na fimbo yake, na haikujulikana nani anamngoja nani. Boma lilipojificha nyuma ya vichaka, Dani alisimama.

"Mwalimu, wewe ni mtu ya mbali. Haujui watu yetu. Hii maneno utaenda nayo."

"Sema, Mama."

"Niliota."

Mellen hakuelewa mara moja. Alikuwa anafikiria barabara, na giza, na Jumatatu.

"Niliota, mwalimu. Alisimama kwa mlango na nguo yake nyeupe ya kazi, maji inatoka kwa nywele. Akasema, Mama, nimerudi, usilie tena. Ni kweli hivyo. Na alipenda hiyo kazi yake sana, hakuna mtu alimlazimisha. Miaka kumi na sita nimekuwa na yeye. Nikimuona huyu mtoto anaingia na maji ya kisima, najua ni yeye. Leo nimemwambia aende."

"Kwa nini, Mama?" Sauti ya Mellen ilitoka ndogo, akaionea haya.

"Likizo ya Agosti alikaa na mimi jikoni. Akaniuliza, Dani, mimi mwenyewe nitakuja lini? Sikuwa na kitu ya kumjibu." Bibi aliinama, akatoa mwiba kwenye ndala yake, akainuka polepole. "Sasa nauliza wewe, kwa sababu wewe umesoma. Hiyo fizikia, itamsaidia?"

Jibu lilikuwepo. Mellen alikuwa nalo tangu alipoanza kazi, amelitoa kwa mamia ya wazazi, lenye mifano na kila kitu, somo na ujuzi, mikono na kichwa. Alifungua kinywa alitoe. Akamwona bibi anamtazama, macho makavu kabisa, anangoja kujua amemwacha mwanawe kwa kitu gani.

"Sijui, Mama," alisema. "Kweli sijui."

Dani aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

"Basi mwangalie vizuri," alisema. "Zamani walikuwa wawili. Sasa ni mtu mmoja tu."