Mshahara wa Kupakia Matufaha

Kwa miaka ishirini na tisa Kasai Tetsuro aliendesha lori la tani kumi kutoka Hirosaki, mji wa matufaha kaskazini mwa Japani, hadi Tokyo. Mkewe, Setsuko, alimzoea kama mgeni wa Jumapili: anakuja na nguo chafu, anakula, analala, anaondoka. Kwa hiyo sheria ya kupunguza saa za kazi za madereva ilipoanza, mwezi wa nne, waliodhani mama huyo angefurahi hawakumjua.

Sasa Tetsuro aliishia Sendai, nusu ya njia. Pale alibadilishana lori na dereva aliyetoka Tokyo, akageuza, na jioni yuko kwake. Lakini alilipwa kwa kilomita, na kilomita zilikatwa. Mshahara wa yeni laki tatu na sabini elfu ukashuka hadi laki mbili na nusu.

"Baba Yumi, utakaa hapo mpaka lini?" Setsuko alimuuliza Jumamosi moja, akifagia karibu na miguu yake.

"Serikali imesema nipumzike."

"Basi iambie serikali ituletee mchele."

Matufaha yalipoanza kuvunwa, Setsuko alichukua kibarua kwenye ghala la kufungasha, lile lile mumewe alikopakia mizigo. Kazi yake ilikuwa kuchagua matunda yenye michubuko. Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, alimwona Tetsuro akirudisha lori nyuma hadi mlangoni, akavua koti, akaanza kubeba. Boksi moja kilo kumi. Maboksi elfu moja. Hakuna aliyemsaidia. Setsuko alijua mumewe ana kiuno kibovu, maana yeye ndiye aliyekuwa akimbandika plasta za dawa mgongoni, ila hakuwahi kuuliza kilivyoharibika. Ilipofika saa tatu kasoro, Tetsuro alifunga milango ya lori, akamwinamia mkuu wa ghala, akaondoka.

Mkuu huyo aliitwa Narumi. Saa ya chai alikuwa akilalamika: "Madereva wamekwisha nchi hii. Wiki ijayo nina mizigo ya malori tisa, Mikami mwenye malori ananipa sita."

"Yule wa asubuhi," Setsuko akasema, "kupakia mnamlipa kilo ngapi? Samahani, yeni ngapi?"

Akina mama wakacheka, kwani Setsuko huwa anajikwaa na maneno akikasirika. Narumi hakucheka.

"Kupakia ni huduma ya kampuni yao."

Huduma, kwa wafanyabiashara wa huku, maana yake ni bure.

"Yule ni mume wangu," Setsuko alisema, akarudi kwenye matunda yake.

Jioni hakumweleza mumewe maneno ya Narumi mpaka alipomaliza supu. Ndipo Tetsuro alipomwambia na yeye la kwake: hoteli moja ya chemchemi ya maji moto ilikuwa ikitafuta dereva wa basi. Mshahara ni ule ule wa laki mbili na nusu.

"Ila abiria wanajipakia wenyewe," alisema.

"Chukua."

"Nimwambieje Mikami?"

"Mwambie ukweli. Mwambie na habari ya hiyo huduma."

Mikami, bosi wake, alikuwa na malori kumi na manne, na matano yalikuwa yameegeshwa bila dereva. Tangu mwezi wa nne alitangaza kazi, wakaja wawili: mmoja ana miaka sabini na moja, mwingine aliyaona maboksi akakumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Kasai, ukiondoka na wewe, nifunge tu," Mikami alisema. "Lakini niongeze kutoka wapi? Wenye mzigo hawapandishi bei."

"Uliwahi kuwaomba?"

Mikami akachukua karatasi na kalamu. Baba yake, aliyemwachia kampuni, hakuwahi kuomba, na yeye pia.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Narumi na barua ya mistari minne: kupakia kuna malipo yake, au mzigo upangwe juu ya mapaleti, yale majukwaa ya mbao, uingizwe kwa foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo. Narumi alikataa. Mikami alirudi amelowa jasho, akawaambia madereva wake wasiende huko kesho. Narumi alipiga simu kwa kampuni nyingine tatu. Moja ilisema haina dereva. Ya pili ikasema hivyo hivyo. Ya tatu ilikubali, ikataja malipo ya kupakia kabla hata hajaulizwa.

Siku ya nne, maboksi yakiwa yamerundikana hadi mlangoni, Narumi akakubali mapaleti, na nyongeza ya nauli.

Upakiaji sasa huchukua dakika arobaini. Mshahara wa Tetsuro umepanda hadi laki tatu na kumi elfu. Ule wa zamani haukurudi. Basi la hoteli alilikataa, akalijutia kidogo theluji ilipoanza. Dereva mmoja aliyekuwa ameacha kazi amerejea, kwa hiyo malori yaliyolala ni manne. Setsuko hakuacha kibarua. Anasema ghalani kuna mazungumzo, na nyumbani kuna mtu anayebadilisha stesheni za televisheni bila kuuliza.