Imepita Mkono Mmoja Tu

Jumamosi asubuhi mkalimani alikwenda kununua pikipiki akiwa amevaa viatu vyake vya mahakamani, kwa sababu alitaka kujua kama vitafika chini. Vilifika. Alikaa kwenye kiti cha ile pikipiki ya spoti, akainama kuufuata usukani, na soli zote mbili zikagusa kokoto za uwanja wa muuzaji. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza. La pili lilikuwa kama itawaka kila siku.

"Itawaka mpaka uichoke wewe, dada," alisema muuzaji. "Haki ya Mungu."

Watu walimwita Kiapo, maana hakuweza hata kuomba chumvi bila kuapa. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, pikipiki zimepangwa mistari, zimefutwa zikafutika. Zile za kawaida zilikuwa zimekwisha. Hizo wabeba abiria huzigombania hata kabla hazijashushwa kwenye lori. Zilizobaki ni za spoti, zile za kukunja mgongo, ambazo vijana huzitamani na mama zao huzikataa. Ndiyo maana bei yake ilishuka mpaka ikamfikia mkalimani.

"Imepita mikono mingapi?" aliuliza.

"Mkono mmoja tu. Mwalimu mstaafu, mtu wa kwenda kazini na kurudi nyumbani. Haijaanguka, haijakwaruzwa. Naapa kwa macho yangu haya."

Mkalimani aliweka kiganja juu ya injini, kama alivyoelekezwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye alikuwa mchomeleaji vyuma. Shemeji alimwambia kwamba akiikuta imeshapashwa moto kabla hajafika, aage aondoke. Injini ilikuwa ya moto. Kiapo akasema ni jua. Jua lilikuwepo kweli, na mkalimani alikuwa na haraka yake, basi akanunua.

Haraka yenyewe ilikuwa hii. Katika mahakama nzima, mkalimani wa lugha ya alama alikuwa yeye peke yake. Kipindi cha mvua basi lilimfia darajani, na alipofika kwa miguu, viatu mkononi, seremala mmoja kiziwi alikuwa ameshapoteza kiwanja chake. Hakimu alikuwa amemuuliza kama ana la kusema, akarudia, akarudia tena. Seremala aliutazama mdomo wa hakimu akatikisa kichwa kwa adabu, na ile adabu ikaandikwa kuwa amekubali. Tangu siku ile mkalimani hakutaka mtu mwingine ahukumiwe kimya kimya kwa sababu ya basi.

Mama yake aliitazama pikipiki ikiingia uani.

"Mwanangu, hii unaipanda au unatafuta sindano iliyokudondoka?"

"Ndivyo inavyokaliwa, mama."

"Haya. Ila wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyo mwenye mali alikuacha uondoke mwenyewe?"

Mkalimani aliegesha pikipiki. Kiapo alikuwa amemsindikiza mpaka barabarani akiisifia.

Jumatatu iliwaka papo hapo. Mkalimani alivaa helmeti, akashika vishikio vya usukani, akahisi kwamba chini ya viganja vyake kulikuwa na mikono mingine. Ilikuwa na joto la kawaida la watu wazima. Iliishia kwenye vifundo, na baada ya vifundo kulikuwa na hewa ya asubuhi tu. Akasogeza vidole kidogo kuipa nafasi, kama mtu anavyosogea kwenye benchi, akaondoka.

Barabara ya kwenda mahakamani inashuka kilima kirefu halafu inaingia kwenye mzunguko wa magari usio na huruma. Kwenye mteremko, lori la mchanga lilichomoza uchochoroni. Kabla mkalimani hajaliona, vidole vilivyokuwa chini ya vyake vilikuwa vimeshaibana breki, polepole na kwa uhakika, na pikipiki ikasimama pale ilipotakiwa. Kwenye mzunguko ilipita katikati ya magari kama uzi kwenye tundu la sindano. Aliongozwa kama mtoto anayefundishwa kuandika, ila kwake mkono wa mkubwa ulikuwa chini na wake ndio ulikuwa juu. Alifika kabla mlinzi hajafungua geti. Kwa furaha aliyokuwa nayo, alimpigia mlinzi saluti.

Wiki nzima ilikwenda hivyo. Hakuna kiziwi aliyemsubiri, na hakimu aliacha kutazama saa ya ukutani.

Ijumaa mchana mkalimani alikwenda kula chini ya dirisha la masjala, mahali alipoegesha pikipiki. Alifungua chombo chake cha chakula, akainua macho, na kijiko kikabaki hewani.

Mikono ilikuwa inazungumza.

Ilikuwa imenyanyuka juu ya usukani, jozi nne, ikipeana zamu bila kugombana. Mkalimani alikuwa ameishi kwa kazi ya mikono miaka mingi, na alidhani ameshaona yote ambayo mikono inaweza. Hakuwa ameona hili. Jozi moja ilikuwa nyembamba na sahihi, haikupoteza hata kidole; kila alama ilikaa hewani kama maji yanavyokaa kwenye glasi. Jozi nyingine ilikuwa nene, na saruji kwenye kucha, ikizungumza kama inayorusha lipu ukutani. Ya tatu ilikuwa na kucha zilizokatwa mpaka nyamani na ngozi iliyokauka kwa sabuni ya hospitali. Ya nne ilivaa glovu zisizo na vidole, za kijana anayependa kutazamwa. Kivuli chao kilicheza ukutani, na mkalimani alihisi amefungua mlango akakuta watu wanasali. Aliweka chombo chini na kufuta mikono yake vizuri kabla ya kuinyanyua.

"Habari za mchana," alisema kwa alama.

Mikono ikanyamaza. Halafu yote ikajibu pamoja, na ya mwashi ikachelewa kidogo.

Aliyewafundisha wenzake alikuwa yule mwembamba. Alikuwa fundi saa, kiziwi tangu kuzaliwa, na alipowakuta wenzake kwenye usukani aliona hawana lugha, akaanza nao kwa herufi. Mikono isiyo na mdomo ingezungumza nini tena? Baada yake aliingia kijana, akafundishwa naye.

Mkalimani aliuliza mwalimu mstaafu yuko wapi. Wakatazamana, kama mikono inavyotazamana. Mwalimu hakuwepo, wala hakuwahi kuwepo.

Walimsimulia mmoja mmoja. Kila mmoja aliinunua kwenye uwanja ule, kwa maneno yaleyale, ikiwa ya moto kwa jua lilelile. Shingo ya fremu, pale usukani unapoungana na mwili, ilimkatikia mwashi akitoka kazini. Kiapo akaikusanya, akaichomelea, akaiziba na kuipiga rangi. Ikamkatikia muuguzi akitoka zamu. Ikamkatikia fundi saa, ambaye hakuusikia ule mlio wa mwanzo ambao ungemwonya. Ikamkatikia kijana. Mkalimani aliwauliza sasa wako wapi. Mwashi alionyesha kitanda. Muuguzi alionyesha kiti cha magurudumu. Fundi saa na kijana walionyesha udongo.

"Imeanza tena," alisema fundi saa. "Nenda taratibu. Tutaishika mpaka ufike."

Mkalimani alilia pale pale, mchana kweupe, chini ya dirisha la masjala. Alilia kwa uchungu, na kwa jambo lingine kubwa kuliko uchungu: watu wanne wasiomjua walikuwa wamekibana kile chuma wiki nzima ili yeye asianguke. Muuguzi alimpapasa bega.

Hakuipanda tena. Aliisukuma mpaka kwa shemeji, ambaye alichukua tupa, akamsogeza mwashi kando akisema, "Samahani, mzee," na kukwangua rangi. Chini ya rangi kulikuwa na kiraka, chini ya kiraka kiraka, na katikati ufa mpya mwembamba kama unywele.

"Shem, hii haichomelewi tena," alisema. "Chuma kimeshachoka kudanganywa. Mrudishie mwenyewe, akupe chako, ununue nzima."

Kiapo aliapa kwamba hamkumbuki. Mkalimani akafungua shauri.

Chumba cha mahakama kilikuwa chini, bila ngazi, kwa hiyo pikipiki iliingizwa bila taabu. Karani alilalamika kuhusu mafuta kwenye sakafu, akaletewa gazeti akalitandika. Hakimu alivaa miwani, akawatazama mashahidi, akasema wanyanyue mkono wa kulia. Ilinyanyuka minne. Kijana alivua glovu kwanza.

Wakili wa Kiapo alisimama. "Mheshimiwa, hatupingi kwamba mikono ipo. Tunauliza nani atatafsiri."

"Yupo mkalimani wa mahakama," alisema hakimu.

"Ndiye mlalamikaji, mheshimiwa. Hawezi kula njama na mashahidi wake halafu atuambie wamesema nini."

Hakimu alifikiri, akamuuliza karani kama kuna mkalimani mwingine. Karani akasema nafasi ya pili ipo, imetangazwa, haijapata mtu. Akaulizwa tangu lini. Akasema alipoanza kazi aliikuta imetangazwa.

Mkalimani alisimama. "Mheshimiwa, waache waseme tu. Mimi nitanyamaza. Mtaona wenyewe."

Hakimu akaruhusu.

Basi wakasema. Mwashi alitangulia, akajenga hewani barabara, magurudumu, na ule mkatiko. Muuguzi akafuata, akieleza kwa utulivu kama anayemkabidhi mgonjwa kwa zamu mpya. Kijana alisema kidogo, maana hakuwa na maisha marefu ya kusimulia. Fundi saa alimaliza. Aliueleza ukimya alioanguka nao: namna dunia ilivyomgeukia bila kelele, jua likapita chini yake, na alichokiwaza kilikuwa saa ya mteja aliyokuwa nayo mfukoni. Askari mlangoni alivua kofia. Hata wakili aliacha kalamu. Mkalimani alikaa amekalia mikono yake mwenyewe isije ikatafsiri, na hakuna siku iliyowahi kumwia nzito na kubwa kama ile.

Hakimu alifuta miwani.

"Ni ushahidi mzuri sana kuutazama," alisema. "Sijawahi kuona kama huu. Lakini mahakama haiwezi kuandika kitu isichokielewa."

Halafu Kiapo akapanda kizimbani. Akaapa, akasema haijaanguka, na hilo likaandikwa, kwa sababu lilisemwa kwa mdomo. Shauri likatupwa.

Nje kwenye veranda mama yake alimsubiri na chupa ya chai.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema mama. "Achana naye, mwanangu. Utarudi kwenye basi kama wenzako."

"Na basi likifa darajani?"

Mama alimimina chai.

Mkalimani aliisukuma pikipiki kurudi nyumbani. Kuiuza hakuweza, kumuuzia mtu ilikuwa kumuua kwa mkopo. Alikusudia kuiweka uani, chini ya bati, na kukaa nao jioni wakizungumza. Mikono ilimsaidia kusukuma, hata kilima hakikuwa kilima. Njia ilipita nyuma ya kituo cha mafuta.

Uwanjani palikuwa na mteja, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, amekaa juu ya pikipiki ya buluu, na mchumba wake amembebea helmeti. Kiapo alikuwa amesimama kati yao, kiganja kifuani, anaapa.

Hapo mikono ikainuka.

Haikuinuka ya pikipiki ya mkalimani peke yake. Iliinuka kutoka kwenye kila usukani, mstari baada ya mstari, mpaka ukutani kule mwisho: mikono yenye unga, yenye wino, yenye pete, yenye makovu ya jiko, mikono ya wazee na mikono ambayo haikuwa imekomaa. Jua la alasiri lilipenya katikati ya vidole. Mkalimani alikuwa amewahi kuona mikutano ya viziwi ya nchi nzima, lakini hakuwahi kuona umati mkubwa hivi ukisema neno moja kwa pamoja. Wale wanne wake pia waliachia usukani ili waseme na wenzao, na uzito wote wa chuma ukamwangukia yeye peke yake.

Neno lenyewe husemwa kwa kiganja kilichofunguliwa, kinachopita kushoto na kulia mbele ya kifua. Maana yake ni *usichukue*.

"Wanakukataza!" mkalimani alipaza sauti kutoka barabarani. "Kaka, wanakuambia usinunue!"

Kijana alimgeukia Kiapo.

"Huyo dada ametoka kushindwa kesi sasa hivi," alisema Kiapo, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kuapa, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Mchumba alitabasamu akiitazama mikono ile yote, akainua wake akaipungia. Kijana naye akapunga. Na alipoona ile mikono imezidi kwenda kushoto na kulia, kwa nguvu, mistari yote, akapunga na mkono wa pili pia, asije akaonekana ana maringo.